Dada unayetaka kuacha chuo kwa sababu ya maneno ya haipa, soma hapa kwanza

Jana usiku nimepata meseji ndefu ya binti anayesoma utabibu mwaka wa kwanza hapahapa Mwanza. Ana sapu, yaani mtihani wa kurudia, na anasema maneno ya kitabibu yanayoanza na haipa, hyper ya Kiingereza, yamemfikisha mahali anaulizia nauli ya kurudi kwao. Akifunga daftari yote yanakuwa uji mmoja, haipaglaisemia, haipakalemia, haipaplasia, haipatrofia, kesho yake hakumbuki hata moja. Nimeisoma nikakosa usingizi kabisa. Namjibu hapa na siyo kule inboksi kwa sababu najua mpo wengi, mnataka koti jeupe kama mimi nilivyolitaka tangu nikiwa mdogo, na mmekaa kimya mnaumia.

Mimi nimesoma shule ya kata. Mama yangu anauza dagaa, mwalo wa Kirumba ndio umenilipia ada kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hilo naliandika kwa kifua mbele. Nilipofika chuo, chuo sikitaji, kuna mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa zima akaniuliza tofauti ya haipaplasia na haipatrofia, hakuna aliyekuwa ametufundisha bado, nikasimama kimya, akasema wewe rudi ukamsaidie mama yako kuanika dagaa. Darasa zima likacheka. Leo nimeajiriwa, nasimamia zamu, wadogo zangu wanasoma kwa mshahara wangu, lakini kicheko kile bado nakisikia na sioni sababu ya kujifanya nimesahau. Na jibu lenyewe lilikuwa dogo tu angeweza kunipa palepale: haipaplasia seli zimeongezeka idadi, haipatrofia seli zilezile zimekuwa kubwa. Tezi dume ya mzee inayomfanya asimame chooni muda mrefu mkojo hautoki vizuri, hiyo ni haipaplasia. Moyo wa mtu aliyekaa na presha miaka bila dawa, ukuta wake ukanenepa kwa kusukuma kwa nguvu kila siku, hiyo ni haipatrofia. Basi. Hapo kuna cha kumchekea mtoto wa mtu?

Aliyenifungua macho ni muuguzi mmoja mtu mzima kwenye wodi niliyopelekwa mazoezi, tulikuwa tunamwita Mama. Alinikuta nakariri usiku, akachukua peni akaandika haipakalemia alafu akaikata vipande: haipa, kal, emia. Akasema mwanangu hili sio neno, hii ni sentensi. Haipa ni Kigiriki, maana yake juu ya, kupita kiasi. Kal ni kaliamu, ndiyo hiyo potasiamu, na ndio maana kwenye karatasi ya maabara wanaandika K. Emia ni damu. Kwahiyo potasiamu imezidi kwenye damu. Haipanatremia, sodiamu imezidi, na yenyewe kwenye karatasi inaandikwa Na. Haipakapnia, kapnos kwa Wagiriki ni moshi, sasa hivi maana yake ni kabonidioksaidi imejaa kwenye damu kwa sababu mtu hapumui vya kutosha kuitoa. Haiparemesisi, mama mjamzito anatapika kupita kiasi mpaka anaishiwa maji mwilini. Usiku ule ule nilikata maneno mpaka wino ukaisha na sijawahi kukariri tena.

Na sikia, sisi tuna bahati ambayo hatuambiwi. Mtoto wa miaka mitano pale Igoma akisikia "hawajatupikia" anajua ni kina nani hawajafanya nini kwa nani, na hakuna aliyemkalisha chini akamwambia hapa kuna ha, wa, ja, tu, pik, ia. Lugha yetu ndivyo inavyotembea, vipande vinaungana vinakuwa neno moja refu na sikio linavitenganisha lenyewe. Sasa wewe uliyezaliwa kwenye lugha ya namna hiyo unaogopaje haipaglaisemia? Kata. Haipa, glais ni sukari, emia ni damu. Kata kila neno. Narudia, kata.

Kuna pacha wake anaitwa haipo, huyu ndiye anayeua watu. Kwetu inakaa kichwani haraka, haipoglaisemia, sukari haipo. Ila usiishie hapo, haipo ya Wagiriki ni chini, pungufu, sukari ipo ila haitoshi. Shida ni kwenye kusikia. Siku moja usiku nikiwa zamu ilipigwa simu kutoka zahanati moja ya visiwani, mtandao unakatakata, mgonjwa wa kisukari amechanganyikiwa, jasho linamtoka, wanasubiri boti wamlete, na mwenzangu aliyepokea anasema ni haipaglaisemia tuandae insulini. Nikachukua simu nikamwambia yule wa zahanati, ndugu yangu niambie kwa Kiswahili, imepanda au imeshuka, na nipe namba. Imeshuka. Namba ilikuwa chini ya 2, kwa kipimo chetu cha mmol/L. Insulini inashusha sukari, kwa mtu wa namna hiyo ni kumchimbia kaburi. Nikawaambia wasisubiri boti, dekstrosi, yaani sukari, ya mshipani hapo hapo maana hawezi kumeza, na yule baba alifika kwetu anaongea anauliza chakula. Nilitamani sana yule mwalimu wangu angekuwepo asubuhi ile.

Tangu hapo nikikabidhi mgonjwa sisemi haipa wala haipo peke yake, nasema imepanda au imeshuka na namba yake. Nakusihi na wewe uanze leo ukiwa bado mwanafunzi.

Sasa kuna haipa moja ambayo ukiwa mtu wa ziwani unatakiwa uijue kabla ya zote. Kijana mvuvi analetwa anatapika damu nyingi, ndugu wanasema karogwa, faili limeandikwa haipatenshoni na mwanafunzi anashangaa mbona presha ya mkono iko chini. Ndugu zangu, haipatenshoni ni mgandamizo uliozidi, swali ni UMEZIDI WAPI. Huyu umezidi kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Chanzo ni kichocho cha tumbo, vijidudu kutoka kwa konokono vinaingia kwenye ngozi mtu akiwa majini, minyoo inakaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai yanabebwa na damu mpaka kwenye ini, yanaacha makovu, njia ya damu inabana. Damu ikikosa njia inajaza mishipa ya koo la chakula, inavimba, siku inapasuka. Bandama nayo inakuwa kubwa unaigusa kwa mkono. Yote hiyo imeanzia kwenye kuoga na kuvuta nyavu, na dawa ya prazikwanteli ikimezwa mapema inaua minyoo kabla makovu hayajakomaa. Ukiisikia haipa uliza vitu viwili tu, nini kimezidi na kimezidi wapi. Ukijibu hayo mtihani umeisha.

Na ukishajua usiwafiche wagonjwa. Inaniuma sana nikimuona mama katoka kwenye chumba cha daktari ameshika karatasi anauliza mlinzi imeandikwa nini. Mwambie presha yako ni 140 kwa 90 na zaidi kila tukipima, hiyo imezidi, dawa ni ya kila siku hata ukijisikia mzima. Mwambie mjamzito aliyepita wiki ya 20 kwamba presha hiyohiyo kwake ni hatari zaidi, inaweza kuleta kifafa cha mimba, kichwa kikiuma sana au akiona maruweruwe asilale nyumbani. Mwambie sukari ikifika 7 (mmol/L) kabla hajala kitu, na ikarudia hivyo siku nyingine, ni kisukari. Elimu uliyosomeshwa kwa jasho la wazazi wako sio ya kujifungia, Mungu anakuona. Vijana mnatamba na maneno makubwa mbele ya bibi ambaye hajui hata unaongelea kiungo gani, acheni hiyo.

Kwahiyo mdogo wangu, sapu yako iko karibu, fanya hivi: kila neno likate, pembeni yake andika sentensi ya Kiswahili, lisome kwa sauti. Anza na za damu zote, zinazoishia na emia, alafu nenda za tezi. Ukifika haipaparathairoidizimu usiogope urefu wake, para ni kando, ni vile vitezi vidogo, kwa kawaida vinne, vilivyo nyuma ya tezi ya shingo, yaani thairoidi, vinatoa homoni kupita kiasi na kalsiamu ya damu inapanda. Hiyo kalsiamu iliyopanda inaitwaje? Nitumie jibu inboksi, na picha ya daftari.