Turbaini za upepo zikae umbali gani na nyumba za watu?

SWALI: Mhariri, hivi kwanini sheria isiseme tu turbaini zote, yaani hii mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo, zikae mbali sana na makazi, umbali mmoja kwa wote, watu waache kugombana kila mradi ukija? Wenye kampuni si wahamie tu penye watu wachache?

JIBU: Nakuelewa kabisa, mtu akisikia mtambo wa mita 150 unakuja nyuma ya nyumba yake lazima atafute kinga, na umbali ndo kinga ya kwanza inayokuja kichwani. Lakini hebu piga hesabu. Poland mwaka 2016 walipitisha sheria kwamba mtambo ukae mbali na nyumba mara 10 ya urefu wake, yaani huo wa mita 150 unadai kilomita 1.5 kila upande, kwahiyo kila nyumba moja inafunga eneo la kama kilomita za mraba 7, na vijijini nyumba zimetawanyika, duara zinagusana, ardhi inaisha kwenye ramani kabla hata hujauliza upepo uko wapi. Miradi mipya ikakwama karibu yote, mpaka 2023 wakashusha, kima cha chini kikawa mita 700. Denmark wao ni mara 4 tu ya urefu, ila hawaishii hapo, wanabana na kelele: kwa nyumba za mashambani isizidi desibeli 44 upepo ukiwa mita 8 kwa sekunde. Mimi hiyo naiona ya haki zaidi, maana kinachomnyima mtu usingizi ni kelele, na kelele inabadilika kutokana na aina ya mtambo, bonde, mlima na upepo unakotokea, mita peke yake hazikuambii. Kuna na kivuli cha mapanga ya mtambo yakizunguka, kinachokatakata dirishani jua likiwa chini, Ujerumani kikomo chake ni masaa 30 kwa mwaka na dakika 30 kwa siku.

Kuhusu kuhamia penye watu wachache, upepo haufuati sensa. Kasi ikiongezeka mara mbili nguvu iliyomo inaongezeka mara 8, ndo maana kampuni inang'ang'ania kilima fulani, alafu pale pasipo na watu mara nyingi pana njia ya ndege wahamaji au hakuna laini ya umeme karibu.

SWALI LA PILI: Sasa wakazi wakikataa, mradi ufe?

JIBU: Uingereza walijaribu karibu hivyo. Kuanzia 2015, kwa upande wa England, mradi wa nchi kavu ulitakiwa uwe kwenye eneo lililotengwa na mpango wa halmashauri na pia uungwe mkono na wakazi, malalamiko ya wachache yakatosha kuzuia, ujenzi ukakaribia kusimama hadi masharti hayo yalipoondolewa Julai 2024. Kwahiyo sipendi kura ya turufu, ila kinachonikera zaidi ni wakazi kuitwa wakati kila kitu kimeshasainiwa, huo sio ushirikishwaji. Waitwe eneo linapochaguliwa, na ukiitwa usikubali maneno matupu, dai makadirio ya kelele na ya kivuli kwa nyumba yako wewe, sio wastani wa kijiji, na uliza fedha ya kuung'oa mtambo ukizeeka imewekwa wapi na nani anaishika.