Umeshazama sana? Kabla ya kuchagua safari ijayo, angalia mwezi na upepo

"Dada, cheti cha juu ninacho, Mnemba nimeimaliza, Watamu nimeimaliza. Mwaka huu nataka kwenda pa maana. Niende Pemba, Misri au Maldivi?"

Ujumbe huu umenikuta wiki niliyorudi Pemba, suti ya kuzamia bado iko kwenye kamba inakauka. Nilimjibu mdogo wangu huyu kwa kifupi, kisha nikaona swali lake ni la wengi. Ni la kila mzamiaji aliyeacha kuwa mwanafunzi, ambaye sasa anafungua simu na kuona picha za dunia nzima, zote nzuri, zote zinamwita.

Mimi huanza na tarehe. Jina la mahali linafuata baadaye. Niambie likizo yako inaangukia lini, mwezi utakuwa na siku ngapi, upepo utakuwa upi, ndipo tuzungumze habari ya kwenda wapi. Watu wanafanya kinyume chake: wananunua tiketi kwa ajili ya picha, wanafika kusi limechachamaa, wanalala hotelini siku tatu wakiangalia mawimbi, halafu wanarudi kusema Pemba haina kitu. Pemba haina kitu! Nikisikia maneno hayo huwa naumia kweli.

Pemba imetenganishwa na bara kwa mlango wa bahari wenye kina cha mamia ya meta. Ndiyo maana upande wake wa magharibi, kuanzia Misali kupanda Fundo hadi Njao, miamba inakatika na kushuka wima mpaka jicho linapotelea. Bahari yetu siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hupanda na kushuka karibu meta 4, na maji yote hayo hupita kwenye milango myembamba iliyo kati ya visiwa. Sasa wewe fika Njao mwezi mpevu, saa maji yanatoka, uone kama cheti kitakusaidia.

Safari hii tulikwenda kwenye maji mafu, siku bahari haipandi wala kushuka sana, mwezi ukiwa na siku nane. Nahodha wetu ni mzee wa Kipemba ambaye hana kompyuta ya kuzamia, ile ya mkononi inayoonyesha kina na muda, wala haihitaji. Alituketisha kwenye boti karibu nusu saa nzima, anaangalia tu kamba ya dema la mvuvi inavyolala juu ya maji. Wageni wawili tuliokuwa nao walianza kunung'unika. Kamba iliposimama, akasema, "Haya, ingieni." Tukaingia.

Kwenye meta 18 nilitazama mbono kwanza, wale samaki wa buluu wanaokaa kwa makundi ukingoni. Samaki huelekeza kichwa kule mkondo unakotokea, na wao walikuwa wametawanyika, kila mmoja na upande wake. Maji yamelala. Tukashuka hadi meta 25, ukuta uko kulia kwetu, feni za matumbawe kubwa kuliko mlango, na kundi la samaki mizia limening'inia huko kwenye buluu wala halijali. Tulipokaribia pembe ya mwamba niliona povu la mwenzangu linafanya jambo ambalo kila mzamiaji wa Pemba analijua: halikupanda moja kwa moja. Lilikwenda kombo, likasita, likazunguka pale pale. Maana yake mbele ya pembe ile kuna maji yanayoshuka. Nikamwonyesha kwa mkono, tukageuka bila haraka, tukarudi na ukuta tukipanda kidogo kidogo. Kwenye meta 5 tukarusha boya la ishara, tukakaa dakika zetu tatu za usalama, na tulipotokeza boti ilikuwa imeshafika.

Ni mzamo ninaojivunia kuliko mingi niliyofanya, na nasema hivyo wazi. Mimi ni mtoto wa Tanga, baba yangu alivua samaki maisha yake yote na hakuwahi kuona chini ya chombo chake. Sisi tuliokulia pwani tumepewa elimu ya maji bila kulipia ada. Tuitumie.

Na hapa niseme la moyoni. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kuzama nje ya nchi, mahali ambapo jina lake kila mzamiaji analitamani. Kituo sitakitaja. Nilifika na daftari langu la mizamo limejaa, muhuri hadi muhuri. Kijana wa mapokezi hakulifungua. Akanitazama, akaniandika kwenye kundi la wanaoanza, meta 12, huku kando yangu bwana mmoja aliyekiri mwenyewe kwamba hajaingia majini tangu apate cheti akipelekwa kwenye mwamba wa kina. Nililipa bei ile ile. Nilipouliza, nikaambiwa ni kwa usalama wangu. Siku ile nilizama nikiwa na hasira, jambo ambalo si zuri hata kidogo, na hadi leo nikikumbuka koo linakauka.

Tangu hapo kabla sijatuma hata shilingi huandikia kituo na kuuliza: mnawapangaje watu kwenye makundi? Kiongozi mmoja anachukua wazamiaji wangapi? Kituo kizuri kitakuuliza na wewe maswali: mzamo wako wa mwisho ulikuwa lini, umewahi kuzama kwenye mkondo, unatumia hewa kiasi gani. Kituo kinachouliza tu namba ya kadi yako ya benki, achana nacho.

Haya, mahali penyewe. Ukiwa na likizo kati ya Novemba na Machi na hutaki kutoka Afrika Mashariki, nenda Mafia. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, na ukiteremka ndani ya ghuba ya Chole utaona tofauti ya mwamba uliolindwa na ule uliopigwa mabomu na wavuvi. Mlango wa Kinasi huzamiwa maji yakijaa, kwa sababu yakitoka yanakuchukua kukupeleka bahari kuu. Upande wa Kilindoni miezi hiyo kuna papa potwe. Kusi likiingia utabaki kuzama ndani ya ghuba tu, na Aprili na Mei hoteli nyingi hufunga kwa masika. Tanga kwetu mnipendee, lakini msije kwa ajili ya silikanti, yule samaki wa kale. Hifadhi yake ipo tangu 2009, ila samaki mwenyewe anaishi kwenye kina ambacho mtungi wako wa kawaida haufiki.

Likizo ikiangukia Septemba au Oktoba, fikiria Omani. Visiwa vya Daymaniyat ni hifadhi tangu 1996, kuingia ni kwa kibali, na kina chake ni cha kati, kwa hiyo unapata muda mrefu chini. Ni miezi ya papa potwe huko pia. Uzuri mwingine ni kwamba Maskati utapata watu wa kuzungumza nao Kiswahili, na nahodha akikueleza bahari kwa lugha yako unaelewa hata yale ambayo hakuyasema. Jihadhari na jambo moja: kiangazi maji ya huko huwa na tabaka, juu joto, ukishuka kidogo baridi inakukamata kifuani. Aliyezoea Mnemba na suti ya milimita 3 atapata taabu.

Misri sasa. Meli ya Thistlegorm, iliyozamishwa na ndege za Wajerumani mwaka 1941, iko kwenye meta 30 na pikipiki na malori yake bado yamo ndani. Anayependa meli zilizozama aende. Visiwa vya Brothers na mwamba wa Daedalus vina papa na mkondo wa kweli, na hutakiwi kwenda huko kama hujafikisha mizamo 50. Lakini huko unakwenda kwa boti ya kulala baharini, na mwaka 2023 na 2024 boti za namna hiyo ziliungua na kuzama Bahari ya Shamu, watu wakafa. Ukipanda, siku ya kwanza kabla hujafungua begi tafuta njia mbili za kutokea chumbani kwako. Uliza nani anakesha usiku. Kama hakeshi mtu, shuka.

Maldivi sijajibu kwa sababu sijazama huko.

Ndugu zangu wazamiaji, uzoefu haupimwi kwa wingi. Mtu aliyezama mara mia mahali pamoja penye maji tulivu anajua mahali pale pamoja. Kabla ya kulipia safari ya mkondo, fanya mazoezi ya mkondo nyumbani, na kiongozi unayemwamini. Ukiwa meta 30 unakula hewa mara nne ya unavyokula juu, na ukipigana na maji unakula zaidi. Nitroksi ya asilimia 32, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, itakuongezea muda, lakini mwisho wake ni kama meta 33, na kwenye ukuta wa Pemba meta 33 unazipita bila kujua kwa sababu hakuna sakafu ya kukuambia umefika. Kwa hiyo angalia kompyuta yako, halafu iangalie tena. Na narudia: tarehe kwanza, mwezi kwanza, upepo kwanza.

Chemba ya kutibu ugonjwa wa mzamiaji iliyo karibu iko wapi? Uliza kabla hujalipa, na hakikisha bima yako inagharamia. Siku ya mwisho usizame. Baada ya mizamo ya siku kadhaa kaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, mimi hukaa 24, na hata vile vindege vidogo vya Chake Chake ni ndege. Kama huna muda wa kusubiri, rudi Unguja na meli ya Mkoani.