Usianze na cheti cha useja

"Shangazi, nina miaka 27, ninaishi Katuba, Lubumbashi, Kongo. Mchumba wangu yuko Liège, Ubelgiji, na mahari ilishalipwa. Mwezi wa tatu nilitoa cheti cha useja, lakini komini (ofisi ya manispaa) ya kule inataka akti ya kuzaliwa, ile iliyoandikwa katika rejista, na mimi nina atestasio tu, karatasi ya kuthibitisha kwamba nilizaliwa. Komisioneri mmoja, mtu wa kati wa kutafutia watu karatasi, anasema kwa siku mbili atanipatia akti ya 1998. Nimpe pesa?"

Binti yangu, usimpe hata franka moja. Akti ya kweli ina namba na ukurasa wake katika rejista ya komini ulikoandikishwa, na ubalozi unaweza kumtuma mtu akafungue rejista hiyo. Akikuta namba ile ni ya mtoto mwingine, wewe si mtu aliyekosa karatasi tena, ni mtu aliyeleta karatasi ya uongo. Hilo litamfuata na mchumba wako kwa afisa wa Liège.

Kama hukuandikishwa kwa wakati, njia yako ni supletifu, yaani hukumu inayoshika nafasi ya andikisho lililokosekana. Unaiomba kwenye tribinali ya amani, kwa kuwa wewe ni mtu mzima. Usitoke tribinali na hukumu peke yake: ngoja cheti cha kwamba hakuna aliyekata rufaa, ndipo upeleke vyote eta sivili, ofisi ya komini inayoandika vizazi na ndoa, waandike akti. Wengi huishia kwenye hukumu, halafu kule wanaulizwa akti iko wapi.

Kabla akti haijaandikwa, weka pasipoti yako mezani kando ya rasimu ya hukumu, usome herufi kwa herufi: jina, postnomu (jina linalofuata jina la kwanza la ukoo), prenomu (jina la Kikristo). Ngoy, Ngoie na Ngoyi nyumbani ni jina moja. Kwa afisa wa Ubelgiji ni watu watatu. Angalia na majina ya wazazi. Majina ya Kikristo yalikatazwa wakati wa Rais Mobutu tangu 1972, kwa hiyo baba anaweza kuwa na prenomu kwenye kadi ya leo na asiwe nayo kwenye karatasi za zamani. Kosa lisahihishwe hukohuko tribinali, maana likishafika Liège utarudishwa Lubumbashi.

Cheti cha useja cha mwezi wa tatu kiweke pembeni. Kule wanataka kipya, na muda wake ulikuwa ukiliwa wakati hujui hata pa kupata akti. Toa kingine akti ikishakuwa mkononi, viende pamoja kupigwa mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ya Ubelgiji. Kwa Liège Kifaransa kinatosha. Ingekuwa Antwerpen, wanakotumia Kiholanzi, ungelipia mfasiri wa kiapo.

Mahari sasa. Kulipa mahari hakuzuii kitu. Lakini kama wazee walikwenda kuandikisha ndoa ya kimila komini, wewe si mseja, na cheti cha useja kingekuwa uongo. Waulize leo. Kama imeandikishwa, mwende kwa njia ya wanandoa wanaoungana, si ya wachumba.

Mchumba wako anaweza kutoa tangazo la ndoa komini kwake bila wewe, akiwa na karatasi yako ya kukubali iliyohalalishwa. Akti ya tangazo ikishaandikwa, harusi haifungwi kabla ya siku 14, na baada ya hapo mna miezi 6. Afisa akiwa na shaka kwamba ni ndoa ya karatasi, yaani ya kutafutia haki ya kuishi Ubelgiji tu, anaweza kuahirisha hadi miezi 2, na mwendesha mashtaka akaongeza mingine hadi 3.

Shaka hiyo hupimwa kwa mahojiano, kila mmoja peke yake: mlikutana wapi, dada zake wanaitwa nani, anafanya kazi saa ngapi, mahari ilipokelewa na nani. Msikariri majibu, maneno yanayofanana neno kwa neno ndiyo yanayowatia wasiwasi. Tunza picha za siku ya mahari zenye wazee wa pande zote mbili, risiti za pesa alizokutumia, na mazungumzo yenu ya simu tangu mwanzo. Ukibadilisha simu, hamisha kwanza.