Kabla Hujalalia Kitanda cha Mkandaji

Wiki iliyopita niliandikiwa na binti mmoja wa Muheza. Baada ya shikamoo alinieleza kwamba mama yake, mwenye umri wa miaka 61, amebanwa mgongo tangu mwezi wa Ramadhani, na kwamba nyumbani hawaelewani: jirani anasema mama akandwe, shemeji anasema apigwe hijama, yaani kuumikwa ili kutolewa damu, na kaka aliyeko Dar es Salaam amekwisha kumpata mtu wa kuvunja mgongo, yaani kuupinda kwa mkupuo hadi ulie. Aliniuliza mimi nilipona kwa lipi. Marahaba, mwanangu. Ninakujibu kwa kirefu, kwa sababu jibu hilo nililipata kwa gharama ya mguu wangu wa kulia kwa karibu mwaka mzima.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Maumivu yalinianza mwaka 2022, katika msimu wa sare za shule, wakati nilipokuwa nikiinamia cherehani tangu alfajiri hadi baada ya isha. Yalianzia kiunoni, yakateremka kwenye paja, kisha yakafika kwenye muundi kama waya uliotiwa moto.

Nilianza kwa bibi mmoja anayekanda kwa mafuta ya nazi, na mpaka leo simlaumu. Misuli iliyokaza hulegea ikikandwa vizuri, na usiku ule nililala. Hijama nayo ilinipa nafuu ya siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu waya ulikuwa pale pale.

Ndipo nikapelekwa kwa mtu wa tatu. Alikuwa na koti jeupe, na kila mara nilimlipa shilingi 40,000, fedha niliyoipata kwa kushona sare hadi macho yakauma. Hakuniuliza maumivu yanakwenda wapi, wala kama nimewahi kuanguka, wala kama mguu una ganzi. Alinilaza ubavu, akasukuma bega upande mmoja na nyonga upande mwingine, mgongo ukalia, naye akatangaza kwamba pingili ya mgongo imerudi mahali pake. Nilimwamini kwa sababu ya ule mlio. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba mlio huo hutokana na gesi inayofanya povu katika ute wa kiungo pale kiungo kinapovutwa ghafla, na kwamba pingili yangu haikurudi popote kwa kuwa haikuwa imetoka. Nilikwenda mara sita. Baada ya mara ya sita nilikuwa natembea kuelekea msikitini, nikasikia mtu ananiita nyuma: "Fundi, ndala yako!" Ilikuwa imechomoka mguuni hatua kadhaa nyuma, nami sikuwa na habari.

Nisingependa mtu aelewe kwamba ninazilaani tiba zenyewe. Kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono, ilianzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895, na anayeisomea ipasavyo hutumia miaka kadhaa, akifundishwa pia ni mgongo upi haufai kuguswa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, liliyataja mazoezi, kuchua misuli na hata kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono miongoni mwa mambo yanayoweza kumfaa mgonjwa, likashauri mikanda ya kiuno isitumiwe. Mimi mkanda nilikuwa nimeununua, na niliuvaa hata usingizini. Kwa hiyo kosa langu halikuwa kuchagua jina baya la tiba. Niliutoa mwili wangu kwa mikono isiyouliza.

Mikono iliyouliza niliikuta hospitali, kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, dada ambaye ni mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Kwa karibu nusu saa hakuugusa mgongo wangu. Aliuliza kuhusu kazi, usingizi, haja kubwa na ndogo, homa na uzito. Kisha akaniambia nitembee kwa visigino. Mguu wa kushoto ulitii. Wa kulia ulianguka chapa sakafuni. Akakiwekea kidole gumba changu cha mguu kidole chake kimoja, akasema, "Baba, kinyanyue nisikizuie." Mimi ninayebeba majora ya kitambaa begani nilishindwa na kidole kimoja cha binti. "Mguu huu leo haukandwi," akasema, "leo unakwenda kwa daktari." Picha ilionyesha diski, yaani kile kitakio laini kati ya pingili na pingili, kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imetokeza na kuubana mshipa wa fahamu.

Tiba iliyofuata haina mengi ya kusimulia: kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono, mara kumi, kila baada ya saa kadhaa, kutembea kila jioni, na kuinuka kwenye cherehani kabla kiuno hakijalalamika. Leo ninakanyaga pedali na kuihisi, namshukuru Mungu.

Ndugu zangu, mtu wa kukutibu viungo akianza kukushika kabla hajakuuliza, ondoka, hata kama umekwisha kumlipa. Mwulize amesomea wapi, na ni mgonjwa gani humkatalia. Asiyemkatalia yeyote ni wa kuogopwa. Shingo isipindwe ghafla na mtu usiyemjua, maana mshipa wa damu unaokwenda ubongoni unaweza kuchanika, na ingawa hutokea kwa nadra, aliyepatwa anaweza kupooza. Mguu uliovimba upande mmoja na kuuma kwenye shavu la mguu usichuliwe, kwani huenda ndani yake kuna damu iliyoganda.

Sasa mama yako. Mgongo uliouma tangu Ramadhani, kwa mtu wa umri wake, uchunguzwe na daktari kabla ya mkandaji, hijama au huyo wa Dar es Salaam. Kama ana homa za jioni, jasho la usiku au amekonda, semeni mapema, kwa sababu kifua kikuu hula pia pingili za mgongo, na pingili iliyoliwa ikipindwa inaweza kuvunjika. Na leo hii, bila kumwonea haya, muulize kama anajihisi anapojisafisha baada ya haja, na kama mkojo unamtoka ovyo au umegoma kutoka. Akisema ndiyo kwa mkojo, au hapana kwa kujihisi, mpelekeni hospitali usiku huu huu, msingoje kuche.