Uvimbe wa titi uliotoka mbali: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

*Mdogo wangu alipasuliwa kansa ya puru (mwisho wa utumbo mpana) mwaka juzi. Sasa ana uvimbe kwenye titi, na daktari anasema huenda ni kansa ileile. Puru na titi vinakutana wapi? (Mama wa Katuba)*

Kwenye damu, mama. Chembe za kansa zikichomoka puruni huingia kwenye mishipa ya damu au ya limfu, na mara nyingi hutua kwenye ini au mapafu. Damu ya sehemu ya juu ya puru hupitia ini kwanza. Ya sehemu ya chini hulikwepa, hurudi moyoni na kuingia mapafuni, kisha mwili mzima. Kufika kwenye titi ni nadra sana. Katika kansa 100 zinazokutwa kwenye titi, zilizohamia kutoka kiungo kingine ni takriban 2 au pungufu, na hizo nazo hutoka zaidi kwenye ngozi, tezi za limfu, mapafu au ovari. Za puru ni chache mno hata madaktari huziandikia ripoti mojamoja. Daktari wenu amefanya vizuri kulifikiria hilo, ila uvimbe huo unaweza pia kuwa kansa mpya ya titi lenyewe, au usiwe kansa kabisa.

*Watajuaje tofauti? (Kijana wa Kamalondo)*

Kwa kushika tu, hawawezi. Uvimbe uliohamia mara nyingi huwa mmoja, wa mviringo, hukua haraka na hauvuti chuchu ndani, lakini kansa ya titi nayo huweza kuwa hivyo. Picha za ekografi na mamografi nazo hazimalizi shaka.

Jibu liko kwenye biopsi, yaani kutoa kipande cha nyama na kukipima. Sindano nene hutoa vipande vyembamba kama njiti ya kiberiti, vinavyotiwa papo hapo kwenye kichupa cha formalini, dawa ya kuhifadhi nyama. Ndani ya maji ya chumvi vingeharibika. Labo hutafuta alama, yaani protini zinazoonyesha chembe zilikotoka: CK20 na CDX2 zikionekana na CK7 ikikosekana, njia inaelekea utumboni. Ikionekana GATA3 pamoja na vipokezi vya homoni, inaelekea kwenye titi.

Hapa ndipo nawaomba sana mkazane. Karatasi ya kuombea kipimo ikiandikwa "uvimbe wa titi" tu, anayesoma lamu (kioo cha darubini chenye nyama hiyo) atawaza titi tu. Hakikisheni imeandikwa kwamba mgonjwa alipasuliwa kansa ya puru, na mwaka gani. Ombeni pia nyama ya puru iliyohifadhiwa ndani ya kipande cha nta tangu upasuaji ule, ili nyama mbili zilinganishwe.

*Tukate titi lote? (Yaya wa Ruashi)*

Msikubali kabla ya jibu la biopsi na skana ya kifua na tumbo. Ikiwa imetoka puruni, ugonjwa umeshatembea mwilini, na kukata titi hakuutibu. Atahitaji kemo (dawa za kuua chembe za kansa) ya kansa ya utumbo, kama fluorourasili na oksaliplatini. Uvimbe ukimsumbua unaweza kutolewa wenyewe. Sitawaficha: kwa kawaida matibabu hayo huuzuia ugonjwa na kumpa nafuu, mara chache huumaliza. Ikiwa ni kansa ya titi lenyewe, mpango wote unabadilika, na huenda matumaini yakawa makubwa zaidi.

*Anayenyonyesha ataambukiza mtoto? (Mama wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi)*

Hapana. Ila kemo ikianza aache kunyonyesha, maana dawa hupita kwenye maziwa.

*Mwaka mzima naona damu kwenye haja kubwa, natumia dawa za bawasiri. (Baba wa Kampemba)*

Baba, nenda wiki hii. Bawasiri hutoa damu, na kansa ya puru pia hutoa damu. Kwa kuangalia damu tu, huwezi kuzitofautisha. Ukiwa pia unakonda, au unahisi haja haijaisha hata ukitoka msalani, usingoje hata siku moja. Kipimo cha kidole, daktari akipapasa ndani ya puru, huchukua dakika moja na hufikia uvimbe mwingi wa chini. Baada yake huja kolonoskopi, yaani kutazama utumbo mpana kwa mrija wenye kamera. Kama mionzi itahitajika, kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kunakufikisha Lusaka, Zambia, ambako kuna hospitali ya kansa; ulizia kwanza kama mionzi inapatikana. Najua haya inabana, hasa kwetu wanaume. Lakini anayetaka kukuandikia tena dawa ya bawasiri bila kukupima, mwambie wazi akupime kwanza.