Amua Hatima ya Betri Kabla ya Kuondoa Magari ya Umeme ya Kampuni

Kwa miaka kadhaa nimesimamia magari ya kampuni hapa Nairobi, mengi yakiwa Nissan Leaf yaliyoagizwa baada ya kutumika Japani na Uingereza, na nimeshiriki kuyaondoa kazini yale yaliyochoka. Ninawaandikia wasimamizi wenzangu wanaoona umbali wa safari kwa chaji moja ukipungua mwaka hadi mwaka, huku wakubwa wao wakiwahimiza wayauze yote kwa mkupuo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ushauri wangu ni mmoja: amueni kwanza betri itakwenda wapi, ndipo muamue gari liende wapi.

Gari la petroli huchakaa kila mahali kidogo kidogo, injini, giaboksi, ekzosi, mpaka siku moja gharama ya matengenezo inapita thamani yake. Gari la umeme huchakaa zaidi kwenye betri, na sehemu nyingine hubaki imara kwa muda mrefu. Leaf za mwanzo, zilizoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2010 zikiwa na betri ya kilowati-saa 24, hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, kwa hiyo joto huzila haraka. Kufikia mwaka 2012 wenye magari hayo huko Phoenix, Arizona, walikuwa wakilalamika, na mimi mwenyewe nimeona yaliyofanya kazi Mombasa yakichoka mapema kuliko yaliyobaki Nairobi.

Kabla ya kutia sahihi popote, pimeni. Dashibodi ya Leaf ina vijistari 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Cha kwanza hupotea uwezo unapopungua kwa takriban asilimia 15, na vinavyofuata hupotea kwa kila asilimia 6 hivi. Msiviamini peke yake, kwa sababu wapo wafanyabiashara wanaovirudisha vyote kwa kompyuta ili gari lionekane jipya. Nunueni kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi wa gari, mkiunganishe na programu ya LeafSpy kwenye simu, kisha mwendeshe gari likiwa na mzigo. Programu hiyo huonyesha volti za jozi zote 96 za seli, yaani vipande vidogo vinavyounda betri, kila jozi kwa mstari wake.

Tulikuwa na gari lililokwisha kuandikiwa kuuzwa kwa kilo, kwa kuwa lilikuwa likipoteza nguvu ghafla kwenye mwinuko. Tulipolipima, mistari yote kwenye simu ilisimama karibu sawa isipokuwa mmoja, ambao ulizama kila dereva alipokanyaga pedali na kupanda tena alipoiachia. Betri ilikuwa na jozi moja tu dhaifu iliyokuwa ikiziangusha nyingine zote. Ndani ya betri hiyo mna moduli 48, vibati bapa vya fedha vyenye seli nne kila kimoja. Fundi alikitoa kibati kimoja, akaweka kingine chenye nguvu zinazolingana kutoka kwenye gari lililopata ajali, na gari likarudi barabarani. Chunguzeni pia betri ndogo ya volti 12, kwa sababu ikifa gari haliwaki kabisa, na nimekuta magari yaliyohesabiwa kuwa maiti yakihitaji betri hiyo tu.

Kuna historia ambayo kila msimamizi anafaa kuijua. Mwaka 1990 jimbo la California liliamuru kampuni kubwa za magari ziuze kiasi fulani cha magari yasiyotoa moshi, na kuanzia 1996 General Motors ikawa inakodisha gari lake la umeme, EV1, bila kumruhusu mteja yeyote kulinunua. Yalitengenezwa 1,117. Mradi ulipofungwa yalikusanywa, na mengi yakapondwa yakiwa bado yanatembea. Takriban 40 yalipelekwa kwenye makumbusho na vyuo yakiwa yamelemazwa. Mwaka 2005 waliokuwa wakiyaendesha walikesha Burbank, yalikoegeshwa 78 ya mwisho, wakiahidi dola 24,000 kwa kila gari, nao wakakataliwa. Kampuni ilisema isingeweza kuendelea kuyapatia vipuri wala kuhakikisha usalama wake. Naona uamuzi ule ulikuwa upotevu mkubwa, lakini hoja ya vipuri ni ya kweli, nasi inatukabili leo. Ndiyo maana nashauri magari yasiondolewe yote siku moja: yachoke kwa zamu, yaliyo hoi yawe ghala la vipuri kwa yanayobaki.

Betri isiyofaa tena barabarani bado inaweza kufanya kazi ya kutulia mahali pamoja. Kwenye uwanja wa Johan Cruijff Arena, Amsterdam, tangu 2018 kuna hifadhi ya umeme iliyojengwa kwa betri za Leaf 148, mpya na zilizotumika. Sisi tulipeleka moduli zetu kwenye sola ya ofisi, zikiwa na mfumo wake wa kulinda seli, na taa zinawaka umeme wa KPLC unapokatika. Njia hii ina faida kuliko kukimbilia urejelezaji, maana betri hizi za zamani zimejaa manganizi, si kobalti, madini ghali yanayochimbwa Kolwezi huko Kongo na yanayowavuta wanunuzi, na mrejelezaji huenda akataka kulipwa badala ya kulipa.

Kazi ya kuishusha betri kutoka kwenye gari si ya fundi yeyote wa jua kali, hata awe hodari namna gani kwa petroli. Betri ina uzito unaokaribia kilo 300 na umeme wa volti zaidi ya 350. Plagi ya usalama ing'olewe kwanza, mngoje dakika 10 nguvu iliyosalia kwenye mitambo iishe, na fundi avae glavu za volti 1,000. Mnunuzi mmoja alitujia na mtungi wa gesi, tayari kuikata sakafu ya gari ambalo betri yake ilikuwa bado imo. Tulimrudisha getini papo hapo. Betri iliyogongwa au iliyolowa maji ikae nje, mita 15 mbali na majengo na magari, kwa sababu inaweza kuwaka tena siku kadhaa baadaye. Ile nzima inayongoja kazi nyingine ihifadhiwe kivulini ikiwa na chaji kama nusu.

Mwisho kuna makaratasi. Anayebeba betri iliyokufa awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, nanyi mbaki na nakala yake. Gari linalobomolewa lifutiwe usajili NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lisije likatumika kwa jina la kampuni. Ganda likiuzwa bila betri, mkataba uliseme hilo waziwazi, utaje nambari ya betri na mahali ilipopelekwa, na pande zote mbili zitie sahihi kabla ya gari la kukokota kuingia uani.