Kinachochekesha ni aibu, si uchi
Dada, unasema filamu ya vichekesho There's Something About Mary (1998) ni matusi matupu, na kaka aliyekujibu anaipa alama zote. Mimi niko na kaka. Itazame tena sehemu ya zipu: mwigizaji Ben Stiller amenaswa sehemu za siri na zipu ya suruali bafuni kwa kina Mary, na kila mtu anaingia kuchungulia, baba wa kambo wa Mary, mama yake, polisi, hadi mzimamoto. Maskini alikuja tu kumchukua Mary waende dansi ya shule! Ndiyo maana miaka 13 baadaye, anapomtafuta Mary, bado tunamtakia heri. Ile ya mbwa kupigwa umeme, sawa, imezidi. Ila sebule zetu za Nairobi zilivyo, mama mkwe akiwa amekuja kutoka ushago, usiiwashe kabisa. Ngoja alale.